Wakesho, Stelingi wa Landi ya Voi

Enzi zetu sinema haikukaa mfukoni. Ilikuja kwa gari. Wenzangu mliokulia Kenya miaka ile mnalikumbuka: gari la sinema ya bure, vipaza sauti juu ya paa, likipita mchana kutangaza, nasi tukilikimbiza nyuma huku tukila vumbi lake kwa furaha. Jioni kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye ukuta wa stoo ya reli, tukatandika mikeka, mtu na hindi lake la kuchoma. Mkanda ukikatika tulipiga miluzi, na ukiungwa tulipiga miluzi zaidi.

Kwetu ilikuwa Voi, kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli zilizobanana kiasi kwamba ukikaanga samaki majirani walijua ni wangapi. Watoto wa landi tulikuwa wataalamu wa sinema. Mhusika mkuu tulimwita stelingi, na sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Aliyekufa si stelingi, akae pembeni.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Wakesho, binti wa fundi wa reli, mkubwa kwangu kidogo. Siku moja akaja bwana wa kamera anatafuta mtoto wa kuigiza filamu ya kufundisha watu kuchemsha maji. Alitupanga foleni penye bomba, akatuambia tujifanye wagonjwa. Mimi nilijishika tumbo, nikacheka mpaka kamasi zikanitoka. Wenzangu hawakunizidi. Wakesho hakucheka. Alilegea shingo, macho yakazama, midomo ikamkauka pale pale tukimtazama, hata mama yake mzazi akasogea kumgusa paji la uso. Mpaka leo sijaona kitu kama kile.

Basi akachukuliwa. Katika filamu alikunywa maji ya mto, akaugua, akafa, akafunikwa shuka.

Shida ni kwamba filamu haikuanzia Voi. Ilionyeshwa kwanza Mtito Andei, alikokuwa ameolewa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, na hakuna aliyekuwa amempasha habari. Ameketi zake kwenye mkeka, mara anamwona mtoto wa kaka yake ukutani anakata roho. Kulipokucha alipanda treni na jirani zake wawili, leso zimefungwa viunoni, wamebeba unga na sukari ya matanga. Walianza kulia stesheni, mji ukawafuata. Walipofika landi walimkuta marehemu anaruka kamba.

Kamba yenyewe nilikuwa naizungusha mimi, kwa hiyo nasimulia nilichokiona. Shangazi alimkumbatia, akamzaba kofi, akamkumbatia tena. Unga ukasongwa ugali, tukala matanga ya mtu aliye hai, na yeye akala kuliko sisi sote.

Ila baada ya kula shangazi akatoa amri: "Mtoto wa kwetu hafi tena, hata kwa mchezo!" Baba mtu hakuweza kumpinga dada yake mkubwa. Na sisi watoto, kwa ile sheria yetu, tukamkataa: amekufa, si stelingi. Wakesho alilia kilio cha kweli, na niseme haki, hakikuwa kizuri kama kile cha sinema. Aliniambia penye bomba, "Nataka kuigiza tena. Wakinikataza, hapo ndipo nitakuwa nimekufa."

Bwana wa kamera alirudi na filamu ya surua. Hadithi ilikuwa ile ile, mtoto anacheleweshwa hospitali, anakufa. Baba akasema haiwezekani, na shangazi, ambaye siku hizo alikuwa amekuja kutusalimia, akakaa mlangoni kuhakikisha. Wakesho akasogea, mikono nyuma, akasema kwa adabu: "Samahani, mzee. Kwani huyu mtoto hawezi kupelekwa mapema, akapona?"

Bwana alicheka. Kisha akaacha kucheka, akajikuna kichwa.

Mtoto akapona! Filamu ilipoonyeshwa, shangazi alikaa mbele kabisa, na mtoto alipofumbua macho aliruka juu akipiga kelele, "Yu hai! Mwaona? Yu hai!" Kiwanja kizima kikapiga vigelegele, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa landi aliyebisha stelingi ni nani. Kina mama walianza kuwahi hospitali, wakisema wenyewe, "Tusingoje, tuwahi kama yule wa filamu ya Wakesho."

Aliigiza filamu moja zaidi, safari hiyo akisema maneno. Halafu gari likapunguza kuja, naye akarefuka, na hakuna aliyemwita tena. Alisomea uuguzi akaja huku Birmingham, nami nikamfuata baadaye. Wauguzi wenzake walimsifu kwamba mgonjwa hakuweza kusoma habari mbaya usoni mwake. Mimi nilijua alikojifunzia.

Jumapili iliyopita nilipanda basi kutoka kwangu Newtown nikaenda kwake Great Barr kunywa chai. Alikuwepo mjukuu wake, Amani, mtoto anayejirekodi hata akila. Unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Alikuwa ameelezwa habari za filamu za nyanya yake, akazitafuta kwenye simu.

"Nyanya, there's nothing. Literally nothing."

"Hazikutunzwa, mwanangu. Zimepotea."

"So how do we know it's real?"

Mtoto hakukusudia ubaya kuuliza tutajuaje kama ni kweli, lakini swali lilimchoma rafiki yangu. Akaweka kikombe mezani, akaegemea kochi. Shingo ikalegea. Macho yakazama. Midomo ikakauka, na ule mkono wa kizee ukateleza pembeni ukaning'inia. Mimi ninayemjua tangu utotoni niliinuka kumwendea.

Simu ilimponyoka Amani. "Nyanya! Nyanya, amka! Amka, tafadhali, usife!" Kiswahili hicho chote sijui alikuwa amekificha wapi.

Hakufumbua macho upesi. Alimngojesha, kama msanii yeyote anayeijua kazi yake. Ndipo akamvuta kifuani, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Umeona?"

"Nimeona," akasema Amani, bado analia.

Zamani tulikuwa na ukuta mmoja na tuliulilia sote. Siku hizi kila mtoto ana wake mfukoni, na vidole vinapita juu ya nyuso za watu bila kusimama. Amani alipoiokota simu, tulikuta ilikuwa inarekodi muda wote, imelala kifudifudi. Ilichopata ni weusi wa zulia. Kwa hiyo na hii nayo mkiitafuta hamtaipata, lakini Wakesho aliigiza, na safari hii tulikuwepo mashahidi wawili.