Wazee wa Bwana Kwato

Tangu mkewe afariki, Bwana Kwato hakuwa na wa kuzungumza naye ila farasi wake, wale waliofukuzwa kazini kwa uzee naye akawaokota. Aliwazoea hata akawa anawaita "wazee wangu".

Mto ulipofurika ukachukua paa la zizi na majani makavu yote, alikwenda sokoni akasimama mbele ya maduka. "Jamani," akasema, "wazee wangu wamelala majini. Hawana cha kujifunika wala cha kutia tumboni."

Kesho yake akaja mama mshonaji na shoga zake, mablanketi kichwani, sufuria ya uji mkononi.

"Hodi! Wako wapi hao wazee, baba?"

"Hao hapo, mama," akasema, akiwaonyesha farasi waliosimama kwenye matope.

"Loo! Na uji wangu nilioukoroga kwa maziwa?"

Shoga zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Kwato hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mablanketi, akiyaona tayari yanarudi mjini.

"Mnisamehe, mama. Mimi nimezoea kuwaita hivyo."

Mshonaji akakunjua blanketi moja, akamfunika farasi kipofu mgongoni. "Mzee ni mzee tu," akasema. "Majani tutawatafutia. Uji kunywa wewe, baba, maana umekonda kuliko wao."

Wakaondoka, kicheko chao kikasikika mpaka kwenye kona ya barabara. Bwana Kwato akanywa uji wake wima, huku akiwasimulia farasi mambo yote tangu mwanzo, ingawa walikuwapo na waliyaona, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsimulia.