Vidonge Nilivyoviweka Darini

Ninyi wajukuu zangu mtakaosoma haya mkiwa mmeshiba, kaeni sawa. Mimi nilisoma ngumbaru tu, darasa la watu wazima, sijui kuzunguka maneno. Kosa nitakalowaeleza nililifanya mwenyewe, na akili zangu timamu, kwa kumpenda mwanangu.

Mwanangu huyo, shangazi yenu, aliolewa bondeni kule Magoma, mumewe akikata mkonge. Mume akafa. Yeye akaletwa kwetu milimani Mgwashi amekonda kama kuku anayeatamia. Siku hizo hospitali zilishaanza kututaka tuchangie, hata bomba la sindano unakwenda nalo mwenyewe. Kwa hiyo tuliposikia vidonge vya virusi vya Ukimwi vinatolewa bure, wafadhili wa nje ndio wanaolipa, wengi walicheka. Mimi sikucheka. Nilimshika mkono nikampeleka kliniki.

Hawakumpa siku ile. Walitaka kwanza mtu wa nyumbani wa kumsimamia anapomeza. Nikasema, "Niandikeni mimi." Kidonge asubuhi, kidonge jioni, bila kuruka. Baada ya miezi kadhaa alishika jembe, akaanza na kugombana na mawifi zake kuhusu mpaka wa maharage. Nikajua huyu amerudi.

Kisha siku ya soko muuza karoti mmoja akaniinamia.

"Mwenzangu, umesikia? Wale wa vidonge wanafunga mkoba."

"Nani kasema?"

"Redio. Fedha zao zimekwisha, au wamechoka, sijui."

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Sisi wa milimani tumezika miradi mingi. Ulikuja wa matuta, ukaja wa mbuzi wa maziwa, ukaja wa miche. Kila mmoja na gari lake jeupe. Siku gari lisiporudi, miche inakauka kwenye vifuko na kibao kinabaki barabarani, ndege wanakalia. Sasa huu wa vidonge una nini cha kuuzuia usife? Na ukifa, mwanangu ananywa nini?

Nikafanya tunachofanya mvua ikitia shaka: hatuli mbegu. Kidonge cha asubuhi nilimpa. Cha jioni nilikitia kwenye kibuyu, nikakipandisha darini juu ya jiko, kwenye moshi, pale tunapoweka maharage ya kupanda. Majivu ya kuzuia wadudu sikutia, akili hiyo nilikuwa nayo.

Yeye aliuliza, "Mama, cha jioni kiko wapi?"

"Mimi ndiye niliyeandikwa. Nyamaza."

Akanyamaza. Alilelewa kutonijibu, na hilo pia ni kosa langu.

Siku ya kliniki nilikwenda na mwanangu, kibuyu nikakibeba mwenyewe, kichwa juu, nikitegemea sifa. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu, aliniamkia shikamoo kwa adabu, akamimina vidonge mezani. Vinanuka moshi. Akavihesabu, akatazama kadi, akavihesabu tena.

"Bibi, hivi vimebaki vipi?"

"Akiba. Mradi ukifa, tutakuwa navyo."

"Nani kakufundisha?"

"Maharage."

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Bibi yangu, panya akionja sumu kidogo kidogo anaizoea, siku ukimwekea nyingi haimuui. Ndivyo mdudu huyu anavyofanya ukimpa nusu. Ulikuwa unamfundisha."

Nikauliza lile moja lililokuwa moyoni: "Na wafadhili wakiondoka?"

"Njoo."

Alinipeleka stoo. Maboksi yalipangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Akasema ni kweli kulikuwa na maneno, wakubwa walivutana, lakini fedha zimekubaliwa tena na haya yamefika juzi. "Siku yakitaka kupungua nitakwambia mimi, usingoje soko. Wewe mpe vyote, kwa saa."

Nikaligusa boksi moja. Lilikuwa zito. Mwenzenu nililia pale stoo kama mtoto, na sikuwa nimelia hata msibani kwa mkwe wangu.

Lakini furaha ilikuwa nusu. Walimchukua mwanangu damu ili waone kama nimemharibu, wakatuambia turudi. Kungoja kule sitaki kukukumbuka. Nilipalilia shamba lililokwisha kupaliliwa.

Tuliporudi, muuguzi alisoma karatasi, kisha akatabasamu. "Kinga haikushuka. Dawa bado inamfaa. Bibi una bahati, lakini usiijaribu tena."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikakaa chini palepale mlangoni, watu wakinipita.

Njiani, kwenye mteremko wa mashamba ya chai, mwanangu akaanza kucheka peke yake. "Mama, ilibaki kidogo unipandishe darini na mimi, nipate moshi."

"Ungepona mapema," nikamjibu. Nilikuwa sijamsikia akinitania tangu akiwa msichana. Ningeweza kumpiga, ningeweza kumbeba mgongoni.

Nilipofika nyumbani nilikichukua kile kibuyu, sasa kitupu, nikawaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo, na mawifi zake. Nikawaambia: "Kuanzia leo, humu ndani mbegu zitawekwa akiba, dawa ya mtu haiwekwi. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, redio ikianza taarifa ya habari, mwenye sufuria aipue, mwenye jembe aliweke, mmoja wenu ampe maji na kidonge chake. Na siku nikisema kiachwe, hata kama ni mimi, nikatalieni."