Watu Hawahesabiwi Kama Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini kama kiongozi wa matembezi, Mkuu wa Safari, aliyekuwa na ofisi juu ya kinyozi pale mtaani Donholm, alinikabidhi filimbi na agizo moja: "Hesabu watu mara mbili. Wakishuka, na wakipanda. Mengine ni mandhari." Nikamwomba na kofia. Tulivutana sana, nikatoka na filimbi ya pili.

Kazi yetu ilikuwa kuwapeleka watu wa mitaa yetu kwenye hifadhi ya bahari, pwani ya kusini. Asubuhi mnapanda mashua hadi kwenye fungu, yaani mchanga unaojitokeza maji yakipwa. Mnatembea hapo saa moja, kisha mashua tena hadi mikokoni, mkatembee juu ya daraja la mbao. Fungu halina subira. Maji yakianza kujaa, penye nyayo zako panapita samaki.

Safari moja nilipewa akina mama kumi na wanne wa kanisa moja la mtaa wa Lucky Summer, wengi wao asili yao magharibi mwa nchi. Nilipoanza kuwanyooshea kidole, mmoja, wawili, Mama Ayuma alinishika mkono.

"Kijana, watu hawahesabiwi kama mbuzi. Unataka tupungue?"

Wenzake wakaunga mkono. Nikashusha kidole. Kwa kuwa wangeacha viatu mashuani na kushuka pekupeku, niliamua kuhesabu viatu: jozi isiyovaliwa wakati wa kurudi ingekuwa na mwenyewe huko mchangani. Nilijiona mjanja.

Maji yalipogeuka nikapiga filimbi. Wakapanda kwa vicheko, kila kiatu kikapata mguu. Nikamwambia nahodha twende.

Tulikuwa tumeshaliacha fungu mbali kidogo nilipohesabu mara ya pili. Safari hii nilihesabu majaketi ya kuelea, waliyoyavua kabla ya kushuka. Moja lilikuwa sakafuni, mikanda wazi.

"Geuza," nilimwambia nahodha. Alilitazama jaketi lile, akageuza.

Fungu lilikuwa limebaki upana wa mkeka. Mama Ayuma alisimama juu yake, maji yakimfikia vidole vya miguu, viatu vipya kichwani ndani ya mfuko wa plastiki. Maisha ya mitaa yetu ya Eastlands yalimfundisha asiache kiatu kipya kwa mtu asiyemjua, nami nilikuwa mtu huyo. Alikuwa ameenda mbali kuokota makombe ya baharini, filimbi hakuisikia. Hakulia. Nilipomvuta ndani alishusha mfuko kichwani.

"Sasa nihesabu."

"Wewe jihesabu, mama."

Akajigusa kifua. "Mmoja." Wa pili akaitikia, hadi kumi na wanne. Tangu siku hiyo kila kikundi changu kilijihesabu chenyewe, na Mkuu wa Safari, aliyenikaripia wiki nzima, akawafundisha hivyo hivyo viongozi wote waliokuja baada yangu. Kofia hakunipa.

Nimestaafu, niko mtaa wa Ziwani, na filimbi zote mbili ninazo. Nyinyi viongozi mnaoanza leo mna simu zinazojua maji yatajaa saa ngapi. Zitumieni, kisha mhesabu tena kwa njia nyingine. Mimi hukutana na Mama Ayuma sokoni, mwendo umepungua, viatu ni vya maana bado. Hanisalimii kwa jina. Hujigusa kifua akiwa bado mbali, nami husubiri hadi nimsikie.

"Mmoja."