Waya Usiotiwa Oili

Saa nane mchana jua limekaa juu ya bati la karakana. Ukutani, waya mmoja uliotundikwa msumarini unachomoza kutoka kwenye gamba lake, taratibu, upana wa kidole, bila kuguswa na mtu.

"Usiuangalie sana," anasema Mama Nyaya, fundi wa pikipiki na baiskeli. "Ni joto tu. Ndivyo ninavyojiambia."

Mwandishi wa makala haya si mtu wa kuamini mashetani, ila alisogeza kiti.

Kwa miaka kumi na minane fundi huyu ametengeneza nyaya za breki, klachi na eksileta, kama thelathini kwa wiki. Alifundishwa na baba yake, aliyeamini kuwa waya mkavu ni waya mgonjwa. Kila waya uliopita mikononi mwake uliondoka umelowa oili.

Kisha zikaja nyaya zenye mrija mwembamba wa plastiki ndani. Hizo huteleza zenyewe. Zikitiwa oili nzito hunasa vumbi, na mrija ukivimba hubana. Mama Nyaya hakujua. Akautia oili waya wa eksileta wa mdogo wake wa kiume.

"Alinipigia simu njiani: 'Dada, eksileta inasita kurudi.' Nikamwambia, 'Ongeza oili.'" Anaelekeza kidole msumarini. "Jioni wakaniletea pikipiki. Yeye hawakumleta."

Waya huo ndio wa msumarini. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu amehamia karakanani mwaka wa tatu sasa.

Leo mjane wa mdogo wake amekuja kuchukua pikipiki hiyohiyo, awe anakwenda nayo kazini. Mama Nyaya amefunga waya mpya, mkavu. Anazungusha eksileta, anaachia. Ta, inarudi. Anageuza usukani, anarudia. Ta. Mara hamsini, na kila mara ule wa ukutani unatikisika.

"Wifi, utaimaliza kabla sijaipanda," mjane anamtania.

"Bora niimalize mimi."

Mjane anaondoka. Mlio wa injini unapanda hadi konani, na fundi ameshika meza kwa hofu asiyoificha. Mlio unashuka. Anaketi.

Msumarini, waya umerudi ndani.

"Akirudi mzima jioni nitauteremsha, nikauzike alipo mwenyewe," anasema. "Na hapo ukutani nitaandika: waya wenye mrija, usitie oili. Baba atanisamehe. Mdogo wangu, sijui."