Mto wa Kukoholea

Mwanangu, hadi leo nakikumbuka kikohozi cha kaka yangu Elia. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nimemaliza la saba, kichwa kimejaa ndoto za kuwa nesi. Elia alikuwa amerudi kwetu Mtae kutoka hospitali kubwa ya mbali, alikopasuliwa moyo. Kifuani alikuwa na mshono mrefu kama wa gunia.

Alirudi na vidonge na mto mdogo mgumu, mweupe. Sikuwahi kuona mto mzuri vile. Kwetu kitu kizuri ni cha mgeni, basi nikauweka kwenye kiti cha wageni.

Na wageni hawakukatika. Kila mzee akiingia, Elia anajisukuma kwa mikono ainuke kitandani, aseme shikamoo, huku amekunja uso. Vidonge nilimpa kwa saa zake. Siku ya tatu akaacha kukohoa, nami nikafurahi, nikidhani anapona. Kumbe alikuwa anakizuia kikohozi. Kohozi likajaa, pumzi ikawa fupi, na hospitali walishamwonya kwamba asipokohoa mapafu yatamletea ugonjwa mwingine.

Ndipo akaja Bibi Naomi, shangazi yake baba. Akaketi, akamtazama Elia kwa muda.

"Mbona unahema hivyo? Kohoa, baba."

"Siwezi, Bibi. Nikikohoa ni kama napasuliwa upya."

"Na kule hospitali ulikuwa unakohoaje?"

"Nilikuwa na mto. Naukumbatia kifuani, ndiyo nakohoa."

"Uko wapi?"

Elia akatazama dari. Mimi nikakitazama kile kiti cha wageni.

"Samahani, Bibi," akasema taratibu. "Umeukalia."

Bibi akainuka, akaupangusa mto kwa khanga yake, akampa. Kisha akanigeukia. "Na wewe nesi, uliuliza mto huu ni wa nini?"

"Sikuuliza, Bibi."

"Basi umenikalisha juu ya dawa ya kaka yako."

Elia akashindwa kujizuia. Akaubana mto kifuani, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kizito, mara tatu, na kohozi likatoka. "Inauma bado," akasema, "ila inavumilika."

Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza. Inauma ukifanya nini? Na hivi je? Tukagundua kwamba akigeukia ubavu na kushusha miguu kwanza, anainuka bila kujisukuma kwa mikono. Nikimsugua nyayo huku anapuliza pumzi polepole, kama anayepoza uji, mabega yanalegea. Vichekesho vyangu vilingoja mpaka akumbatie mto. Na Bibi akawatangazia wageni wote mlangoni: "Mgonjwa ataamkia akiwa amelala. Nayo ni shikamoo."

Kwa hiyo, mwanangu, ukimuuguza aliyepasuliwa, mpe dawa kama daktari alivyosema, halafu usiishie hapo. Muulize panapouma na panapopoa, na kila alichorudi nacho kutoka hospitali uliza ni cha nini. Na ukiwa mgonjwa ni wewe, sema mapema, hata kama aliyekalia mto wako ni mzee wa heshima.

Mungu akujalie pumzi ndefu na kifua kisichokuuma, na siku ukiugua, akupe mtu mwenye maswali mengi kando ya kitanda chako.