Mabinti Wawili kwa Jina Moja

Binamu yangu wa ng'ambo alikuwa amenisumbua wiki nzima. Faili ya ukoo ameshatuma, mbona siipakii kwenye tovuti, Desemba ndiyo hii, jamaa wakikutana watataka kuuona mti wa ukoo. Kwake ni rahisi, huko stima haipotei katikati ya kazi. Mimi hapa mtaani Kaptembwo nilianza kuipakia, bando la intaneti likaisha. Nikanunua lingine, stima ikaenda. Jumamosi ile mchana nilikuwa nainuka na kuketi, nainuka na kuketi, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mama alikuwa kwenye kiti chake anamenya minji, njegere zinadondoka kwenye sufuria, ananiangalia tu.

Hatimaye faili ikaingia. Watu wakajipanga kwenye kioo cha laptop: babu aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli, wake zake, watoto, hadi wanangu. Kabla sijapumua, tovuti ikaleta onyo. Watu hawa wawili wana jina moja, wazazi walewale, na miaka yao imekaribiana. Je, ungependa kuwaunganisha?

Mmoja ni mimi. Mwingine ni dada aliyenitangulia, akafa akiwa mchanga. Kwetu jina la nyanya haliachwi lianguke. Mtoto akifa nalo, anayemfuata hulibeba. Habari hizo nilizipata kwa shangazi. Mama mwenyewe hakuwahi kumtaja, nami sikuwahi kuuliza.

Ah, nikasema moyoni, niwaunganishe yaishe. Kusema kweli nilikuwa na hasira na huyo mtoto. Tangu utotoni, jina langu likitajwa mbele ya wazee wa kwetu, kuna wanaonitazama kidogo halafu wanaangalia kando. Nilitaka jina liwe langu, basi. Kidole kilishafika kwenye kitufe.

Mama akauliza kuna nini. Nikamweleza kwamba mashine inadhani mimi na yule wa kwanza ni mtu mmoja, na nikikubali, tutabaki mmoja.

Minji ikaacha kudondoka kwenye sufuria.

"Waambie nilizaa mara mbili," akasema.

Nikabonyeza hapana. Aibu ilinijaa hadi masikioni. Ukurasa wa dada ukafunguka, mtupu, ukaanza kudai mambo: alizaliwa wapi, alisoma wapi, kazi yake ilikuwa gani. Nikamwambia mama tutaruka hayo yote, mtoto mchanga ana nini cha kuandikwa. Nilitaka kuufunga upesi nitoke nje nipate hewa.

Mama akaweka sufuria chini, akasogeza kiti hadi goti lake likagusa langu. Akaweka kidole kwenye kioo, akauliza hapo wanataka nini.

Kazi, nikamwambia. Wanataka kujua alikuwa anafanya nini.

"Alikuwa ameanza kucheka," mama akasema. "Andika."

Nikaandika.