Gata ya Mama

Nikisikia harufu ya lami moto, hata leo wanapoziba mashimo ya barabara, naikumbuka gata ya Mama, mfereji wa kukinga maji ya paa. Nilikuwa darasa la tatu, kwetu nje kidogo ya Awasi. Kila masika yalipokaribia, Mama aliyeyusha lami kwenye mkebe wa rangi, akachovya kitambaa, akaziba matundu ya gata yetu ya bati. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba, na gata ile kuukuu ikajaza pipa letu kila mvua. Pipa likijaa, niliamka nikanawa nikaenda shule. Likiwa tupu, niliamkia mtoni.

Mwaka ule Baba alisimama chini ya paa akaniuliza, kwa sauti tamu nisiyoizoea, kama gata inavuja. Mtoto akiulizwa neno na babake hujiona mtu. Nikamwonyesha viraka vyote, hata vile visivyovuja. Akamgeukia Mama.

"Mama Akinyi, mtoto wako mwenyewe amesema imeoza. Ya nini kushona tambara? Nitaleta mpya."

Mama alimkumbusha kwamba kwetu kila jambo la boma huanzia kwa mikayi, mke mkubwa, na mikayi ni yeye. Baba akacheka, akasema nani asiyejua hilo. Siku hiyohiyo akaing'oa, akaikunja kwa miguu kama karatasi.

Gata mpya zilikuja kwa mkokoteni, ziking'aa mpaka kuku wakakimbia. Nilizifuata nikishangilia. Mkokoteni ukapita mlango wetu, ukasimama kwa Mama Mdogo, mke wa pili. Fundi, ambaye alijua desturi, akauliza kama hajakosea nyumba.

"Gonga msumari, bwana," Baba akasema.

Mama hakulia. Alinitazama mimi, si Baba. "Akinyi," akasema polepole, "viraka ulivihesabu vizuri."

Mvua ikaja, maji yakamwagika ukutani. Masufuria tuliyotega hayakutosha hata kupikia. Nikabeba debe kila asubuhi mpaka mwalimu akafuta jina langu daftarini, na kusoma kwangu kukaishia hapo. Mama Mdogo simsingizii. Alinipa maji mara mbili tatu, na Mama akayamwaga mbele yangu.

Leo nina nyumba yangu Kisumu, ya mawe, na wajukuu saba wasiojua njia ya mto. Juzi mwanangu aliigonga gata yangu kwa ngumi. "Mama, hii imekwisha. Tuing'oe leo, mpya nitaleta Jumamosi." Ni mtoto mzuri, hajawahi kunidanganya. Na imekwisha kweli, ukiwa chini unaona mbingu.

"Lete mpya kwanza niishike," nikamwambia. "Ndipo upande ngazi."

Akaenda zake akicheka, akidhani ni uzee. Mimi nikatafuta mkebe wa rangi, nikawasha moto, nikayeyusha lami.